Klimu ikiwashwa, sikiliza vantilatere



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu makuta ya likelemba, mama mmoja aliniuliza kwa nini kila ninapoingia katika gari, hata gari la mtu mwingine, nainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani ukutani. Wengine walicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini njiani kurudi nyumbani nikaona kwamba jibu langu ni refu, na kwamba linaweza kumsaidia mama mwenye mtoto. Kwa hiyo nimeliandika hapa.

Mimi si fundi. Sijui kuendesha gari. Ninajua kulima, kupika, kuuza unga, na kulea. Haya ninayoandika niliyajifunza siku moja barabarani, na siku ya pili katika garaji moja ya Likasi, ambako niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuuliza maswali mpaka fundi akachoka.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Mnajua mwezi wa kumi kwetu: majani yameungua, vumbi jekundu limepanda hadi juu ya miembe, na mvua bado inachelewa. Mtoto wangu wa mwisho, mwenye miaka mitatu, alikuwa na homa tangu usiku. Asubuhi nilimpeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimtazama macho, akamtazama viganja, akapima, akasema: "Mama, ni malaria, na damu imepungua. Mpelekeni hospitali Likasi sasa hivi, msingoje kesho."

Baba watoto alikuwa kazini upande wa Kolwezi. Shemeji yangu, mdogo wake, ndiye anayeendesha gari letu dogo. Ni gari lililokwisha kutumika Japani, likashushwa bandarini Dar es Salaam, likapita Kasumbalesa, usukani ukiwa upande wa kuume kama mengi ya huku kwetu. Tulipanda: shemeji mbele, mimi nyuma na mtoto mapajani, na mama mkwe pembeni yangu. Tulifunga vioo kwa sababu ya vumbi la malori, tukawasha klimu ili mtoto apate hewa baridi.

Hapa lazima niungame jambo moja. Nilikuwa ninajua tayari kwamba gari lina kasoro.

Majuma mawili kabla ya siku ile, nilikuwa nimeona vitu viwili. Cha kwanza ni sauti. Zamani, shemeji alipobonyeza kitufe cha klimu, mlio wa injini ulishuka kidogo, kisha ungesikia "tak", halafu mbele kabisa, nyuma ya taa, kitu kinaanza kuvuma: vuuu. Nilizoea sauti ile kama ninavyozoea mlango wa nyumba yangu. Siku moja "tak" ilikuja, lakini vuuu haikuja. Cha pili ni hewa. Tulipokuwa tukienda, klimu ilitoa baridi vizuri. Tuliposimama sokoni, baridi ilikwisha, ikaja hewa ya moto kama ya mbabula. Tukianza kwenda tena, baridi inarudi.

Nilimwambia shemeji nusu-nusu: "Gari halivumi kama zamani." Akajibu: "Yaya, ni klimu tu, inakula esanse na inachosha injini." Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba gari ni kazi ya wanaume, nikisema zaidi wataniona mama mwenye maneno mengi. Mama mkwe alikuwapo, na sikutaka kuonekana ninamfundisha mtoto wake. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mimi nilidhani methali hiyo inasema juu ya miili ya watu tu.

Basi tulikwenda vizuri mpaka tulipokuta foleni. Lori lenye trela lilikuwa limeharibika na kulala kando-kando ya barabara, kichwa huku, mkia kule. Mbele yetu malori ya madini, nyuma yetu malori ya madini. Tulisimama. Dakika chache, hewa ya klimu ikawa ya moto. Nikatazama mbele katikati ya viti, nikaona mshale wa joto umeacha mahali pake pa kila siku na unapanda.

Shemeji naye aliuona. Alizima klimu, na hapo alifanya vema. Tulifungua vioo. Lakini mshale uliendelea kupanda, na kabla hajazima injini, mvuke ulianza kutoka chini ya kapo. Alizima, akashuka, akafungua kapo, akachukua kitambaa ili afungue kifuniko cha radiatere.

"Acha! Acha hapo hapo!"

Sauti ilitoka kwenye lori la nyuma. Mtu mzima alishuka mbio, ndara miguuni, akamshika shemeji mkono. Alikuwa shofa wa Tanzania, anarudi Dar es Salaam na mzigo wa shaba. Alipopata pumzi alinigeukia, akasema kwa heshima: "Samahani, mama. Nimemkamata kijana wako kwa nguvu. Lakini hiki kifuniko kingemtoa uso."

Kisha akauliza: "Feni yenu inafanya kazi?"

Hatukuelewana mara moja. Sisi tunasema vantilatere, yeye anasema feni. Sisi tunasema radiatere, yeye anasema rejeta. Kapo yetu kwake ni boneti. Ni Kiswahili kimoja, lakini wakoloni walitugawia maneno ya garaji kutoka nyumba mbili. Alipoonyesha kwa kidole, nikaelewa, na kabla shemeji hajajibu, mimi nikasema: "Baba, haifanyi. Ina majuma mawili haifanyi."

Shemeji alinitazama. Mama mkwe alinitazama pia. Hakuna aliyesema kitu.

Shofa alisema ni lazima tungoje injini ipoe. Alisema wazi: si kumwaga maji ya baridi juu ya injini ya moto, maana chuma kinaweza kupasuka, na si kufungua kifuniko mpaka mkono uweze kugusa bomba la juu la radiatere bila kuungua. Tulingoja karibu dakika arobaini. Niliinua mkono kwa kila pikipiki iliyopita kando ya malori, lakini zote zilikuwa na watu wawili, watatu. Mama wawili wasiotujua walishuka kutoka basi dogo, mmoja akampepea mtoto kwa kifuniko cha sufuria, mwingine akalowesha kitambaa na kumpangusa. Mtoto hakulia. Wamama, mnajua: mtoto mwenye homa anayelia anakuchosha, lakini asiyelia anakuogopesha.

Injini ilipopoa, shofa alifungua kifuniko pole pole, akiwa ameweka kitambaa kinene juu yake na uso mbali, akaongeza maji kidogo kidogo. Kisha akamwambia shemeji awashe gari na abonyeze klimu. Tak. Halafu kimya.

"Umesikia?" aliniuliza mimi, si shemeji. "Umeme unafika. Feni ndiyo inayolala."

Akatafuta kijiti kirefu, akakaa kando, mikono mbali na mapanga ya vantilatere, akagonga mgongo wa mota yake mara moja, mara mbili. Mara ya tatu: vuuu.

Sitasahau sauti ile. Mama mkwe alipiga makofi kama kanisani.

Halafu shofa alisema neno lililotushangaza. "Sasa msizime klimu mpaka hospitali. Na injini msiizime."

Shemeji akasema: "Lakini klimu inaongeza moto."

"Kweli, inaongeza. Lakini katika gari lenu, klimu ikiwashwa, feni inazunguka bila kusubiri injini ichemke. Ukizima klimu, feni italala, na ikilala huenda isiamke tena. Afadhali mzigo mdogo pamoja na feni kuliko kukosa mzigo na kukosa feni. Tazama mshale. Ukipanda tena, simama na uzime yote."

Tulikaa naye dakika kadhaa tukitazama mshale. Ulitulia mahali pake pa zamani. Lori lililoharibika lilivutwa pembeni, barabara ikafunguka. Nilitaka kumpa shofa kitu, akakataa, akasema na yeye ana wajukuu. Tulifika Likasi klimu ikiwa imewashwa, baridi ikitoka hata tuliposimama, na mimi kila mara nikisikiliza mbele kama mtu anayesikiliza moyo wa mtoto tumboni.

Mtoto aliongezewa damu jioni ile. Daktari alisema tumefika kwa wakati. Leo anakimbiza kuku zangu na ananitukanisha kwa majirani, Mungu asifiwe. Lakini zile dakika arobaini kando ya barabara sizilaumu gari. Zilikuwa zangu. Nilizitengeneza mwenyewe siku niliyosikia kitu na kunyamaza.

Nilipokwenda garaji baadaye, nilitaka kuelewa. Fundi alinieleza kwa mifano ya jiko, labda kwa sababu aliniona mama. Nawapa kama alivyonipa.

Tuanze na frigo. Umeme ukiwapo na frigo ikifanya kazi, weka mkono nyuma yake: kuna moto. Baridi haitengenezwi bure. Joto linatolewa ndani na kutupwa nje, nyuma ya frigo. Klimu ya gari ni vilevile. Mna gesi inayozunguka katika mabomba. Ndani ya gari gesi hiyo inakunywa joto la hewa tunayovuta. Halafu kompresere, inayovutwa na injini, inaikandamiza, nayo inakuwa moto sana. Inapelekwa mbele kabisa ya gari, katika kitu kinachofanana na radiatere nyembamba. Kinaitwa kondasere. Pale ndipo joto la ndani ya gari linatupwa nje.

Sasa, kondasere imewekwa wapi? Mbele ya radiatere ya injini. Kwa hiyo hewa inayofika kwenye radiatere imekwisha kupitia kwenye kondasere na imeshika moto. Gari likienda mbio, upepo wa safari unatosha kuvipoza vyote viwili. Gari likisimama, hakuna upepo. Hapo vantilatere ndiyo inayouleta.

Ndiyo maana, katika magari mengi yenye vantilatere ya umeme, ukibonyeza klimu vantilatere inaanza mara moja au baada ya muda mfupi, hata kama injini bado ni baridi. Haingoji. Bila klimu, inangoja maji ya injini yafikie joto fulani ndipo izunguke, inapoza, inasimama, inangoja tena. Kwa hiyo ukisafiri asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita bila klimu na husikii vantilatere hata mara moja, si ugonjwa. Lakini ukiwasha klimu gari limesimama na husikii kitu, hapo shituka.

Fundi alisema pia kwamba mambo haya ni ya zamani. Huko Marekani, kampuni ya Packard ilianza kuuza magari yenye klimu mwaka 1939. Klimu ile haikuwa na kitufe cha kuizima. Shofa aliyechoka na baridi alisimamisha gari, akafungua kapo, akatoa mkanda wa kompresere kwa mikono. Leo kidole kimoja kinafanya kazi yote, na ndiyo sababu tunasahau kwamba nyuma ya kitufe kuna mashine inayohangaika.

Na kwa nini vantilatere yetu ililala? Ndani ya mota yake mna vipande viwili vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Watu wa garaji wanaviita sharbo, yaani makala. Nilicheka. Mimi ninayenunua makala kila juma sikujua kwamba hata gari lina makala yake, nayo yanakwisha vilevile, kidogo kidogo, mpaka yasiguse tena. Ukigonga, yanagusa kidogo na mota inaamka. Lakini kugonga ni kuomba siku moja tu, si dawa. Fundi alibadilisha mota nzima kwa nyingine iliyotumika, na nilipokea zamu yangu ya likelemba kwa wakati ili kumlipa. Fedha hizo nilikuwa nimezipangia mabati. Sikujuta.

Kuhusu kile kifuniko: mama yeyote anayepika maharagwe anaweza kuelewa. Nchi yetu iko juu, zaidi ya mita 1000 kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji ya sufuria yanachemka kabla ya kufikia 100, na maharagwe yanachelewa kuiva. Ndani ya radiatere ni kinyume. Kifuniko kinayabana maji, kwa hiyo yanaweza kupita 100 bila kuchemka. Ukifungua ghafla, yale maji yote yanataka kuwa mvuke kwa mara moja, na yanaruka usoni. Waambieni vijana wenu. Na mtu akiungua, mwondoeni nguo yenye maji ya moto kama haijashika ngozi, mwagieni maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpelekeni kwa muuguzi. Si dawa ya meno, si mafuta, si unga.

Sasa nawaachia mambo machache ambayo mama asiyejua kuendesha anaweza kuyafanya akiwa ameketi nyuma.

Gari likiwa limesimama, injini inawaka, mwombe shofa awashe klimu. Hesabu hadi 60. Sikiliza mbele. Ukisikia kuvuma, vantilatere iko hai. Kama kapo iko wazi, tazama tu, usiguse. Magari mengine yana vantilatere mbili, na moja ikifa nyingine inaficha ugonjwa, kwa hiyo macho ni bora kuliko masikio peke yake.

Kama hewa ni baridi mkienda na ni moto mkisimama, usiseme ni klimu mbaya tu. Inaweza kuwa gesi imepungua, inaweza kuwa vantilatere. Fundi atazame zote mbili.

Kama mshale wa joto unapanda mkisimama na unashuka mkienda, fikiria vantilatere kwanza. Kama unapanda hata mkienda mbio, shida inaweza kuwa maji yamepungua, au radiatere imeziba, au kingine ndani ya injini. Katika hali zote mbili msiendelee kwa kusema "tutafika tu". Zimeni klimu, simameni mahali salama, zimeni injini. Hicho tulichofanya sisi, kuacha klimu iwake, kilikuwa baada ya injini kupoa, maji kuongezwa na vantilatere kuamshwa, tena mtu anayejua akiwa kando. Vantilatere ikiwa imekufa kabisa, kuwasha klimu ni kuongeza kuni chini ya chungu.

Usishangae vantilatere ikinyamaza mkiwa kwenye barabara nzuri na mwendo mkubwa. Magari mengine yanaizima yenyewe kwa sababu upepo unatosha. Na malori mengi na baadhi ya magari makubwa ya zamani yana vantilatere inayozungushwa na injini kwa mkanda. Hiyo haingoji kitufe. Lakini kama katika gari dogo vantilatere inavuma kwa nguvu wakati wote, hata asubuhi injini ikiwa baridi na klimu imezimwa, hilo nalo liulizwe. Magari mengi, kipima joto kikiharibika, yanachagua kuzungusha vantilatere daima ili kulinda injini.

Vumbi letu pia ni adui. Mbele ya kondasere hujaa vumbi, mbegu za majani, na mvua za kwanza zikija, inswa wanaoruka usiku kufuata taa. Hewa haipiti tena, na vantilatere inafanya kazi bure. Kuosha ni kwa maji ya nguvu ndogo, injini ikiwa baridi, maana maji ya nguvu nyingi yanalaza zile bati nyembamba.

La mwisho ni letu sisi wanawake hasa. Vantilatere ya umeme inaweza kuanza yenyewe bila onyo, na katika magari mengine hata baada ya injini kuzimwa. Ukiinama kutazama ndani ya kapo ukiwa na kitenge kinachoning'inia, ncha ya kitambaa cha kichwa, au mtoto mgongoni anayenyoosha mkono, hatari ni kubwa. Funga kitenge vizuri, mtoe mtoto mgongoni, na waambie watoto wakae mbali na gari lililofunguliwa.

Shemeji na mimi tulizungumza jambo hili jioni moja, nje, karibu na moto. Hakukasirika. Alisema: "Yaya, ulipaswa kunirudilia mara ya pili." Nikamjibu: "Na wewe ulipaswa kunisikiliza mara ya kwanza." Tulicheka wote wawili. Tangu siku ile, kabla ya kuondoka kwenda Likasi au Lubumbashi, anawasha gari, anabonyeza klimu, halafu ananigeukia na kungoja. Mimi nasikiliza. Nikisema "inavuma", tunakwenda.

Mama mkwe naye, ambaye nilimwogopa siku zile za kunyamaza, sasa akipanda basi dogo anamwuliza shofa kwa sauti kubwa, abiria wote wakisikia: "Baba, vantilatere yako iko hai?" Wengine wanacheka. Lakini juzi shofa mmoja alishuka kwenda kutazama.

Nawatakia juma lenye amani, na safari njema kwa wote watakaosafiri.